Baiskeli ya Tano kutoka Mbele

Jumapili, 1 Septemba

Kilomita thelathini na nane. Tumeondoka ishirini na sita, tumerudi ishirini na sita. Hakuna aliyechubuka hata goti.

Nahodha alitusimamisha dakika kumi nzima kwa hotuba yake kabla ya kuondoka. Gurudumu lako lisiingie ubavuni mwa gurudumu la mwenzako. Usifunge breki ghafla. Usizibe masikio na muziki. Ukitaka kunywa maji toka pembeni, kunywa, rudi. Naijua yote kwa moyo, nimeinakili mara ngapi kwenye daftari la kikundi! Ukatibu huu nao. Nahodha ni muoka mikate, leo alikuwa na unga ndani ya sikio la kulia. Magego mawili ya juu hana, anatafunia upande wa kushoto. Siwezi kuacha kuangalia. Miaka kumi na tisa natengeneza meno ya bandia, sura za watu nazisahau, midomo siisahau.

Tunachojivunia sisi ni kupokezana neno. Wa mbele akiona shimo anapaza sauti, "Shimo!", wa pili anarudia, wa tatu anarudia, hivyo hivyo mpaka mwisho, na wa mwisho anapiga filimbi kuonyesha limemfikia. Njia panda ikiwa haina gari: "Nyeupe!" Linashuka vilevile mpaka kwenye filimbi. Vikundi vingine vinatuonea kijicho. Leo nilihesabu — sekunde nane kutoka mdomo wa Nahodha mpaka filimbi.

Wifi yangu kaja na helmeti mpya nyekundu. Ni dada mdogo wa mume wangu, yuko mapokezi hotelini, kazi yake kutabasamu kutwa. Mimi ndiye niliyemwingiza kikundini. Kaniambia mbele ya watu: wifi, mbona unaendesha kama umekalia pasi ya moto? Watu wakacheka. Nikacheka na mimi, nifanyeje.

Jumanne, 3 Septemba

Kikao kifupi nyuma ya duka la mikate. Jumapili ni msafara mkubwa: vikundi saba, watu mia tatu na ushee. Nahodha kagawa nafasi, kila mtu na yake, hakuna kuhama. Mimi wa tano kutoka mbele! Sijawahi kuwekwa juu ya wa kumi na tano. Nilijifanya natafuta kalamu. Nimefurahi mno.

Mwalimu kawekwa wa kumi na saba na wifi nyuma yake, wa kumi na nane. Mwalimu ni mstaafu, kafundisha darasa la nne miaka thelathini na tatu. Mkewe alifariki mwaka juzi, presha ikampanda mzee, daktari akamwambia atafute zoezi na watu wa kuzungumza nao. Akaja kwetu akapata vyote viwili. Mwendo wake wa taratibu, lakini sauti! Akisema "Shimo!" hata waliomo majumbani wanaruka. Wifi anapenda kukaa nyuma yake. Anasema kwa Mwalimu huhitaji macho.

Nyumbani mume wangu kauliza wa tano maana yake nini. Nikamweleza kwa urefu. Kasema hongera, akaendelea kutafuta soksi.

Jumamosi, 7 Septemba

Mnyororo nimeupaka mafuta. Upepo nimejaza. Breki nimekagua mara mbili. Viatu viko mlangoni tangu mchana. Mume wangu anasema naonekana kama bibi harusi. Anyamaze.

Jumapili, 8 Septemba

Ajali. Wifi. Njia panda ya ghala la saruji, pikapu.

Mtulinga wa kushoto umevunjika. Meno manne ya mbele, ya juu, yamekatika. Mdomo nyuzi sita. Helmeti imepasuka vipande viwili, kichwa kizima. Hakupoteza fahamu.

Ilivyokuwa: kundi lililotutangulia lilikuwa limetuacha kama mita mia mbili, na Nahodha alitaka kulifikia. Tukaongeza mwendo. Njia panda ilitakiwa iwe na mtu wa bendera, hakuwepo. Neno "Nyeupe" lilianzia mbele, likapokelewa, likafika katikati. Mwalimu akalisema, akavuka, wifi akafuata. Dereva alifunga breki lakini alishachelewa, akampata kwenye gurudumu la nyuma. Filimbi ilipigwa. Hilo ndilo linalonirudia. Neno lilifika mpaka mwisho, likapigiwa filimbi kama kawaida, na wifi yuko chini.

Mimi nilishapita. Nilijua kwa sababu watu waligeuka.

Mume wangu yuko hospitali na dada yake. Nimefua nguo zangu za baiskeli. Nimezianika.

Jumatatu, 9 Septemba

Kazini asubuhi, hospitali jioni. Wifi anaongea na kitambaa mdomoni, na bado anaongea kutushinda wote. Kaniuliza, meno utanitengenezea wewe? Nikasema mimi, nani mwingine. Kasema basi usinipe ya farasi.

Meneja wake kampigia simu. Pole nyingi, halafu kamwambia apumzike mpaka awe sawa. Wifi anasema "sawa" ya meneja haihusu bega. Hapo alilia kidogo. Akajifuta haraka, maana kulia kunavuta nyuzi.

Mume wangu kauliza: hivi nani aliyesema njia ni nyeupe? Wifi kajibu kwamba yeye kamsikia Mwalimu. Hakuangalia kulia wala kushoto, kamsikia Mwalimu akaingia.

Nilikuwa napanga machungwa juu ya kikabati. Nikaendelea kupanga. Machungwa yenyewe hawezi kuyala.

Jumatano, 11 Septemba

Waandaaji wa msafara wanataka ripoti ya ajali. Kazi ya katibu. Niliandika: "Ishara ilitolewa na ikapokelewa." Nikampelekea Nahodha dukani. Kaisoma kakunja uso, mikono unga mpaka viwiko.

"Ilitolewa na nani?"

Nikamwambia kwa kanuni zetu wa kwanza ndiye anayeanzisha neno.

"Mimi pale sikusema kitu," kasema. "Nilikuwa nafukuzia wale wa mbele. Nilipita tu."

Nikasema najua.

"Unajua? Basi wifi yako alisikia sauti ya nani? Ya Mwalimu. Andika Mwalimu, mama, tumalize. Mzee mwenyewe hakatai."

Kweli hakatai. Nahodha kamuuliza jana, kasema ndiyo, nilisema, kwa mdomo wangu.

Nimeandika Mwalimu. Nimetia sahihi chini.

Ijumaa, 13 Septemba

Daftari hili hakuna anayelisoma. Liko chini ya masweta. Mume wangu masweta hayajui hata yanakaa kabati gani. Na bado Jumapili niliandika humu kwamba neno "lilianzia mbele". Nilimficha nani?

Ni mimi.

Nahodha na wale watatu walipita kimya. Nikafika mimi. Niliangalia kulia, nikaangalia kushoto. Pikapu niliiona! Ilikuwa mbali, usawa wa tangi la maji. Kwa mimi kuvuka ilitosha na nafasi ikabaki. Ningeweza kuvuka kimya kama wao. Lakini nilikuwa wa tano, mara ya kwanza, na nyuma yangu watu wote wale, nilitaka nisikike. Nikapaza sauti: "Nyeupe!" Kwangu mimi ilikuwa kweli. Kwa wa kumi na nane, sekunde sita baadaye, ilikuwa uongo. Miaka yote ya hotuba na hili hatukuwahi kulifikiria, kwamba neno likiwa njiani na gari nalo liko njiani. Kila mmoja alitazama mgongo wa mwenzake akarudia alichosikia. Wa saba, wa nane, wa tisa, wote. Hakuna aliyegeuza shingo.

Nani alinisikia? Wa nne alishavuka na upepo masikioni. Wa sita alikuwa mpwa wa Nahodha, mgeni wa siku moja, kesho yake alirudi kwao.

Naumia. Haya, nimeandika. Nilidhani nikiandika itapungua.

Jumatatu, 16 Septemba

Daktari wa meno kaniletea kalibu ya wifi. Wamemng'oa mizizi yote minne. Kinywa cha plasta kwenye meza yangu ya kazi, kati ya vinywa vya watu wanne nisiowajua. Nimekigeuza kikatazama ukuta. Nikakigeuza tena, maana kazi haifanyiki hivyo.

Wifi ana mwanya. Alikuwa nao. Nina picha ya siku ya harusi yangu, kasimama nyuma yangu kacheka mpaka ufizi. Nimeipima kwa rula ndogo. Alishaniagiza: "Mwanya wangu uuweke palepale, usiniibie." Nimechagua rangi. Nimeanza kupanga meno kwenye nta.

Saa kumi na nusu Mwalimu kagonga mlango. Kavua kofia. Meno yake ya chini nilimtengenezea mimi, hayachezi hata kidogo, kazi nzuri. Alitaka kujua tu, ya yule binti yatakuwa tayari lini. Nikamwambia Jumamosi ya kujaribisha. Hakuondoka.

"Mama," kasema, "miaka thelathini na tatu nimewafundisha watoto kuvuka barabara. Kulia, kushoto, kulia tena. Watoto wa watu. Mimi mwenyewe siku ile sikuangalia. Nilirudia tu."

"Wote tulirudia, Mwalimu."

"Lakini yeye alinifuata mimi."

Hapo ndipo pa kusema. Mlango umefungwa, tuko wawili, hata mashine nilishaizima. Nikapuliza vumbi la nta juu ya jino lisilo na vumbi. Kaniambia baiskeli ameifungia stoo, na kila jioni anakwenda kwa wifi kumsomea gazeti. Wifi alishaniambia. Anasema mzee anasoma mpaka matangazo ya vifo, na akikosea neno anarudi mwanzo wa sentensi.

Alipotoka niliwasha mashine tena.

Alhamisi, 19 Septemba

Nahodha kanipigia. Kikao Jumapili, saa tatu asubuhi, na familia ya majeruhi wamealikwa. Niandike ajenda. Moja: taarifa ya ajali. Mbili: Mwalimu kutolewa kikundini. Tatu: mengineyo.

Nikamwambia kwa nini atolewe, mzee wa watu? Kasema vikundi vingine vinatuangalia, wanasema kupokezana kwenu kumeua — nikamwambia hakujaua. Kasema ndiyo, lakini wanasema. Asipotolewa mtu, watasema kosa ni la utaratibu wetu.

Ni la utaratibu wetu. Na langu. Sikumwambia hata moja. Nilimuuliza wajumbe watakaa wangapi ili nijue viti.

Jumamosi, 21 Septemba

Nimemwambia wifi.

Sikupanga. Daktari alitoka kupokea simu, tukabaki wawili, yeye kwenye kiti, mkono kwenye kombeo, bamba la nta mdomoni na meno yake manne mapya. Nilishamkataza kuuma, nta inalegea. Kwa hiyo hakuweza kunikatiza. Labda ndiyo maana.

Nikasema wifi, siku ile neno nililianzisha mimi. Gari niliiona. Mwalimu alirudia tu, kama wote.

Kanitazama. Kaingiza vidole, kalitoa bamba, kaliweka kwenye sinia taratibu kabisa. Kinywa kikarudi kuwa pengo. Nilisubiri anitukane. Ningeshukuru.

"Kaka anajua?"

"Hapana."

"Basi asijue."

Nikamwambia kesho wanamtoa Mwalimu, hata ajenda nimeichapa mwenyewe. Kasema anajua, Mwalimu kamwambia juzi baada ya gazeti, na mzee mwenyewe anaona ni haki yake atolewe.

"Basi nitasema kesho," nikamwambia.

"Usiseme." Kanishika mkono kwa ule mkono mzima, kaubana hasa. "Sikiliza, wifi. Mwalimu ni mtu mwema. Lakini ni mtu wa nje. Ataacha kuja, atakaa kwake, yataisha. Wewe ni mke wa kaka yangu. Sisi tutakula meza moja mpaka tuzeeke. Nikianza kukuchukia wewe, nitakwenda kukaa wapi?"

Halafu: "Ameshakubali kubeba. Mwache abebe."

Nilifurahi. Naandika kama ilivyokuwa. Aibu ilikuja, ilikuja kweli, lakini furaha ndiyo iliyotangulia.

Daktari karudi. Wifi kalirudisha bamba mdomoni, kaomba kioo, kajitazama upande huu na upande huu. Kasema mwanya umeupunguza. Nikasema nitaurekebisha. Nimeurekebisha mchana huohuo, nusu milimita.

Jumapili, 22 Septemba

Nyuma ya duka la mikate. Kikao kimeanza. Daftari hili nimeliingiza ndani ya lile la kikundi, naandika humu, wote wanadhani naandika kumbukumbu. Watu thelathini na mmoja. Viti havikutosha, wengine wamekalia magunia ya unga.

Wifi yuko mstari wa mbele na kombeo lake, mume wangu pembeni yake. Meno bado hajapewa, yako kwangu yanasubiri kung'arishwa. Kafunga mdomo. Watu wanamsalimia kwa sauti ya chini kama aliyefiwa.

Nahodha kasoma ripoti. Yangu, yenye sahihi yangu. Kaisoma vizuri. Hakuna aliyeuliza swali. Mtu mmoja nyuma kasema lakini wote si tulirudia? Nahodha kamwambia subiri mengineyo.

Mwalimu kaomba aseme kabla ya kura. Kasimama, kavua kofia, kaishika kwa mikono miwili. Katembea kwa miguu mpaka hapa, viatu vina vumbi. Kasema hakuja kujitetea. Anaomba jambo moja tu, maneno yake yaingie kwenye daftari kama alivyoyasema, ili atakayekuja kikundini miaka ijayo ayasome. Kageuka kwangu. Kauliza katibu yuko tayari?

Nimetikisa kichwa. Juu, chini. Kwa nini?

Kasema: "Mimi ndiye niliyesema njia ni nyeupe."

Ananisubiri, kama walimu wanavyosubiri wakati wa imla, hawaendi mbele mpaka kalamu ya mwisho isimame. Na kalamu yangu inakwenda, inaandika haya. Nahodha anatazama saa. Mume wangu anatazama kofia ya Mwalimu. Wifi ananitazama mimi, hapepesi.

Kauliza: "Umeandika, mama?"

Nimefunika ukurasa kwa mkono wa kushoto. Kasema hakuna neno, hana haraka, atarudia. Karudia. Polepole zaidi, kwa sauti ile, neno moja moja, na pumziko katikati. Mimi. Ndiye. Niliyesema.

Nimefunua daftari la kikundi. Nimeandika tarehe. Nimeandika "Mimi". Nimeishia hapo, nimerudi huku.

Chumba kizima kinaniangalia sasa. Wifi anatikisa kichwa, kulia, kushoto, kidogo sana, mwingine hawezi kuona.

Mwalimu kasogea hatua moja. Anauliza nimefikia neno gani. Nimemwambia, la kwanza. Kasema vizuri sana, tusiogope, tuendelee pamoja —